Pazia Si la Wapita Njia

Juzi nilikuwa napita katika mtaa mmoja hapa Gitega, kule juu ambako wakubwa wa wizara wamejenga, nikaona dirisha la kioo linaloanza karibu na sakafu na kupanda hadi chini ya dari. Dirisha la namna hiyo nimelitamani maisha yangu yote ya kazi. Na mbele yake mtu ametundika pazia linaloishia katikati, kama suruali ya mtoto aliyerefuka wakati wa likizo. Nilisimama barabarani mpaka mlinzi akatoka kuniuliza kama nimepotea njia. Nikamwambia mimi sijapotea, amepotea aliyeshika mita.

Naitwa Anjelina, ila sokoni wananijua kwa jina la Mama Rido, maana huku kwetu pazia linaitwa rido na wengi hawajui jina jingine. Nimeshona na kutundika mapazia tangu tuliporudi Burundi kutoka Tanzania, tulikokulia kambini, hadi siku magoti yangu yalipogoma kupanda kigoda. Sasa nimekaa. Nyinyi vijana mnaouza mapazia ya tayari pale sokoni, yale yenye matundu ya chuma ya kupitishia fimbo, mmeniletea soda mkaniomba niwaeleze siri za kazi. Soda nimekunywa. Siri hakuna. Kuna uvivu wenu tu, na huo nitaueleza vizuri.

Namna mnavyofanya naijua. Mnafika kwa mteja, mnatoa simu, mnapiga picha ya dirisha, mnapima kioo upana na urefu, mnaondoka. Mmemaliza! Hata chai mliyokaribishwa haijapoa. Nani aliwaambia pazia linapimwa kwa kioo? Dirisha ni tundu la kuingizia mwanga, pazia linavalishwa ukuta. Fimbo inapanda juu, karibu na dari kadiri ukuta utakavyokubali, na inavuka dirisha kulia na kushoto, ili pazia likifunguliwa likae ukutani na kuuacha mwanga upite wote. Kitambaa kinashuka mpaka kigusane na sakafu, kiguse tu, kisiburuzike. Hapo chumba kifupi kinanyooka, na mwenye nyumba ataapa kwamba dari yake imepanda. Lakini nyinyi mnapigilia msumari kwenye fremu yenyewe, halafu mnashangaa kwa nini sebule ya watu inaonekana kama banda la sungura.

Mimi nilifundishwa na Papa Furaha, Mkongo kutoka Uvira, aliyekuwa na meza ya vitambaa pale sokoni na ulimi mkali kuliko mkasi wake. Mara ya kwanza nilipomfuata nyumbani kwa mteja, nilitoa mita haraka haraka ili aone kwamba kazi naijua. Akaninyang'anya.

"We unapima nini? Umeshaikala?"

"Kukaa wapi?"

"Mu kiti! Kila kiti. Rido haiangaliwake na mutu mwenye kusimama. Mutu anaingia, anaikala, njo anaanza kuangalia. Ikala kwanza."

Basi tukakaa. Tulikaa kwenye kochi, kwenye kigoda cha bibi, kwenye kiti cha mwenye nyumba, mpaka mwenye nyumba mwenyewe akauliza kama tumekuja kushona au kupumzika. Papa Furaha akahamia kiti kingine. Ukiwa umekaa ndipo unagundua kwamba dirisha linatazama choo cha jirani, au kwamba jua la jioni linampiga mgeni machoni, au kwamba sakafu imeinama upande mmoja. Nyinyi mkisimama mlangoni na simu zenu mtaona nini? Mtaona kioo, mtapima kioo.

Halafu kitambaa mnakikata kikiwa kikavu, vilevile kilivyotoka dukani. Kilowekeni kwanza! Pamba ikilowa inasinyaa, na pazia lililogusa sakafu siku ya sherehe linarudi kutoka kwenye beseni limepanda juu, mama wa watu anabaki analishangaa. Likishashonwa juu, litundikeni bila upindo wa chini, liacheni siku moja mbili lijivute kwa uzito wake, ndipo mkunje upindo. Na upana uwe mara mbili ya sehemu linayofunika, lipate mikunjo. Pazia lililonyooshwa likakaza halina tofauti na shuka lililoanikwa.

Kule Ryansoro, kwa mfanyabiashara mmoja, niliitwa kutazama mapazia ambayo fundi alikuwa ameyakata yote urefu mmoja, kwa uangalifu mkubwa, sawasawa kabisa. Sakafu ndiyo haikuwa sawa. Upande mmoja pazia lilikuwa linafagia, upande wa pili paka alipita chini yake bila kuinama. Fundi wa mapazia akailaumu sakafu, mwashi akalilaumu pazia, na mwenye nyumba akawa analaumu wote wawili mbele ya wageni. Pimeni kulia na kushoto kwa kila dirisha. Msiamini sakafu ya mtu yeyote, hata ya askofu.

Lakini hayo yote ni madogo. Kosa linaloniudhi kuliko yote ni la watu wetu wenyewe, na nyinyi mafundi mnalibariki kwa sababu hamtaki kubishana na mteja. Mtu ananunua pazia zuri la maua, kisha analitundika uso ukiwa nje! Maua yote yanaangalia barabara, na yeye mwenyewe na watoto wake wanakaa ndani wakitazama mgongo wa kitambaa, nyuzi na rangi iliyofifia. Ukiuliza unajibiwa: sasa wapita njia wataonaje? Wapita njia! Watu wa baiskeli wenye mikungu ya ndizi, wanaohema kupanda mlima, eti ndio tuwapambie nyumba. Nitawasimulia ya Giteranyi. Mkielewa, vizuri. Msipoelewa, endeleeni na video zenu.

Giteranyi iko kaskazini, mkoa wa Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, na wengi wa pale ni wakulima waliorudi kama sisi. Huko anaishi Skolastika, mjane, ambaye tulikua naye kambini tukichota maji bomba moja. Binti yake, Neema, alipendana na kijana ambaye watu wake wanakaa Gitega. Wazazi wa kijana wamefariki, kwa hiyo mwenye sauti katika ukoo ule ni shangazi yake, anaitwa Mama Goreti. Mama huyu aliishi Bujumbura miaka mingi akiuza vitenge. Akikutana na sisi tuliokulia Tanzania hatusemeshi Kirundi, anatusemesha Kiswahili, ili tusisahau kwamba anajua tumetoka wapi.

Siku ya kwanza ya kujitambulisha, wageni wa kijana walifika, na Mama Goreti akasimama kizingitini akachungulia ndani. Akaona sebule yenye giza, magunia ya maharage, baiskeli, na ufa uliotambaa ukutani tangu mvua kubwa zilipoyalowesha matofali ya udongo. Hakuingia. Alitabasamu tu, akasema, "Tuikale hapa inje, iko hewa muzuri." Wakakaa nje chini ya shitingi, lile turubai ambalo kila aliyepita kambini analijua. Wakanywa bia ya ndizi huko huko, wakaaga, wakaondoka.

Kijana wa siku hizi ataona si neno. Kwetu ni neno kubwa. Mkwe anayekataa kuingia nyumbani kwako amekwambia kwamba binti yako atamchukua, ila nyinyi wengine hana haja nanyi. Neema akiolewa hivyo, ataishi huko Gitega kama mtu aliyeokotwa njiani, na kila siku ya ugomvi watamkumbusha. Skolastika alilijua hilo. Tangu siku ile alikuwa hali vizuri wala halali vizuri, na siku ya mahari ilikuwa inakuja.

Akafanya nini? Akanunua kitambaa cha maua ya rangi ya dhahabu, kizuri kweli, sitamdhulumu, akamwita fundi kijana kutoka mjini Muyinga. Fundi huyo, ambaye mimi nisingemkabidhi hata kifungo cha shati, akapigilia misumari kwenye ukuta wa udongo. Ukuta ukamwaga vumbi. Badala ya kufikiri, akaleta misumari mirefu zaidi. Akatundika mapazia mafupi kwenye vidirisha viwili vya ukuta wa mbele, maana mlango uko ubavuni, uso nje bila shaka, na kitambaa kilichobaki, kingi kuliko alichotumia, akakikunja na kukiacha sandukuni. Ukiwa barabarani ile nyumba ilikuwa inawaka. Mshenga wa upande wa kijana alipita na baiskeli yake, akaona, akapeleka habari Gitega kwamba kwa mjane sasa kuna rido za dhahabu.

Skolastika akanipigia simu niende nikaone, yaani niende nikamsifu. Nilifika, nikaingia, nikakaa. Nilianzia kwenye kiti alichokuwa amekiandaa kwa ajili ya Mama Goreti.

"Haya niambie," akasema. "Yanapendeza?"

"Yanampendeza nani?"

"Kila mtu! Watu wanasimama barabarani, Anjelina. Hata mke wa mchungaji ameniuliza nimeyapata wapi."

"Na yeye alikaa hapa?"

"Alikuwa anapita tu."

"Basi njoo ukae wewe."

Akaja akakaa kwenye mkono wa kiti, tukatazama pamoja. Mbele yetu palikuwa na vipande viwili vya kijivu, vifupi, vyenye nyuzi zinazoning'inia, na katikati yao ufa ukiwa wazi kuanzia juu hadi chini. Rafiki yangu akaanza kulia. Nami nilikuwa na hasira na yule fundi kiasi kwamba nilichelewa hata kumshika mkono.

"Tunayashusha," nikamwambia.

"Ukiyageuza, wakitokea kule barabarani wataona mgongo. Watasema nimeyauza."

"Waseme."

"Sitaki waseme, dada. Nataka waingie."

"Wakishaona kila kitu wakiwa nje, waingie kutafuta nini?"

Alinitazama, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akaenda kuleta kigoda.

Ukuta wa udongo haushiki msumari, na yule fundi angelijua hilo kama angeugonga kwa kidole kabla ya kuchukua nyundo. Tuliuacha ukuta upumzike. Tulikata mwanzi mrefu ulionyooka, tukauparua mpaka ukawa laini, tukaufunga kwa waya kwenye mbao za paa, kutoka pembe hadi pembe. Uzito wote ukabebwa na paa. Nikafumua ujinga wa yule kijana, nikatoa kitambaa cha sandukuni, nikaunganisha. Urefu ulipopungua niliongeza chini kitambaa cha rangi ya udongo, kwa sababu vumbi la Giteranyi ni jekundu, na ncha nyeupe huko haifiki Jumapili ya pili. Nyuma nikashonea bitana ya mashuka yake ya zamani, kitambaa kipate mwili na jua lisile rangi. Sakafu yake ni ya udongo uliopigwa, kwa hiyo pale sikugusisha pazia chini, niliacha nafasi ya upana wa kidole ili mchwa wasipate ngazi. Andikeni hilo. Kanuni ya kugusa sakafu ni ya sakafu ya saruji.

Tukapata pazia moja la ukuta mzima, vidirisha viwili na ufa vyote vikiwa nyuma yake, na maua yakitazama ndani. Magunia yakahamia chumba cha nyuma, baiskeli ikaenda kwa jirani. Tulipofungua penye madirisha, kitambaa kilijikusanya katikati, mwanga ukaingia pande mbili, na kile chumba kifupi chenye giza kikapata ukuta wa dhahabu kutoka paani hadi chini. Nilikaa kwenye kila kiti nikitafuta kosa, na mimi nikitafuta kosa huwa napata. Siku ile sikupata.

Skolastika ndiye aliyepata.

"Na akifunua?"

"Mgeni hafunui pazia la watu."

"Mama Goreti atafunua."

Nikamwambia achemshe chai.

Siku ya mahari tulilifunga pazia lote. Wageni walikuja na gari mpaka njia ilipokataa, wakamalizia kwa miguu. Mimi nilikuwa mlangoni mwa chumba cha ndani, Neema yuko nyuma yangu kanishika nguo mgongoni. Kupitia mlango uliokuwa wazi tulimwona Mama Goreti akija huku anatazama madirisha. Alitazama la kwanza, akatazama la pili, akakunja uso. Wanaume waliokuja naye walikuwa wameshaanza kuvuta viti kuelekea kwenye shitingi, maana mahali pao walipakumbuka.

Akafika kizingitini, akasimama palepale aliposimama mara ya kwanza.

"Amahoro, Mama Neema."

"Amahoro, Mama Goreti. Karibu."

"Baliniambia huku iko rido ya maua, ya dhahabu kabisa. Mi naona mashuka tu. Muliuzisha?"

Skolastika alikuwa amefumbata mikono mbele ya tumbo, vidole vimekazana.

"Hatukuuza," akasema. "Yako ndani. Ingia uone."

Mguu wa Mama Goreti uligusa kizingiti, ukarudi, kisha ukavuka. Sikushangaa. Mtu anayewadharau wenzake hawezi kujizuia kuwachungulia, na mimi nilikuwa nimeutegemea umbea wake tangu siku ya kufunga mwanzi.

Aliingia, akasimama. "Yoo," akasema. Akakaa kwenye kile kiti. Aliangalia juu kwenye paa, akashuka na maua taratibu hadi chini, akapanda nayo tena. Nikaona mabega yake yanalegea. Mara akainuka, akaenda katikati ya ukuta, akafunua pazia kwa vidole viwili, kama mtu anayefunua sufuria jikoni kwa wenyewe.

Ufa ulikuwa pale, unaingiza kidole. Skolastika aliziba mdomo. Neema nyuma yangu alivuta nguo yangu mpaka ikanikaba shingoni. Nikajisemea kwamba yamekwisha, leo tena watu wanakunywa nje, na mtoto wa watu anakwenda Gitega bila kwao. Niseme ukweli, niliogopa. Miaka yote ya kazi sijawahi kuogopa mbele ya pazia kama nilivyoogopa pale.

Mama Goreti aliutazama ule ufa kwa muda mrefu. Akageuka kuangalia mlangoni kama kuna mtu wake aliyemfuata. Hakukuwa na mtu. Akashusha sauti.

"Yangu iko mukubwa kupita hii," akamwambia Skolastika. "Kule kwangu, mu saloni. Mvua ileile. Mi nilitiaka armoire mbele yake."

Kabati zima la nguo, sebuleni!

"Kila mutu akikuya anauliza, ju ya nini armoire iko mu saloni? Na mi naona haya ya kumuambia."

Skolastika aliondoa mkono mdomoni. "Unawaambiaje?"

"Nawaambia chumba iko kidogo."

Wakaangaliana, wakacheka, Skolastika huku machozi yanamtoka. Mama Goreti akaliachia pazia, akajaribu kuirudisha mikunjo mahali pake, akaiharibu yote, nami nikajizuia kwa nguvu nisitoke kwenda kuipanga. Kisha akarudi kwenye kiti, akakaa sawasawa, akaegemea, akapaza sauti kuelekea mlangoni.

"Yemwe! Nyinyi munaikala inje ju ya nini? Nyumba si njo iko huku? Mukuye!"

Neema akaiachia nguo yangu. Wanaume wakaingia mmoja mmoja, wakiinamisha vichwa mlangoni, na viti havikutosha.